Tuliopima Lufira

Ninyi vijana mnaopita juu ya daraja la Lufira, wengine kwenye taxi-bus, wengine kwenye baiskeli zenye magunia ya makaa, sidhani kama mmewahi kutazama chini. Siwalaumu. Malori ya madini yanawasukuma pembeni, vumbi linaingia machoni, na dereva hasimami. Lakini mkipata nafasi siku moja, simameni upande ule maji yanakotoka. Mtaona ubao wa chuma kwenye nguzo, una mistari na namba zilizoliwa na kutu. Ubao ule tuliuita échelle. Nimeusoma sehemu kubwa ya maisha yangu, na hata leo, mzee wa kukaa Kikula, hapa Likasi, na kufuga kuku, nikiamka asubuhi kitu cha kwanza ninachojiuliza ni maji yamefika wapi.

Mjukuu wangu akisikia kwamba nilipima mto anacheka. Anafikiri nilikuwa natembea na ile mita ya fundi cherehani. Kwa hiyo ngoja nieleze kidogo, halafu niwasimulie kuhusu mtu aliyenifundisha, maana yeye ndiye ninayetaka mumjue.

Kampuni iliyotuajiri ilitumia umeme unaotoka chini huko, baada ya ziwa Tshangalele, pale mto ulipojengewa ukuta. Watu wa umeme walitaka kujua ni maji gani yanakuja kabla hayajafika. Kimo cha maji mtu yeyote anaweza kukisoma kwenye échelle. Lakini kimo peke yake hakikuambii ni maji mangapi yanapita. Lazima ujue mto una kina gani hapa na pale, na maji yanakwenda mbio kiasi gani. Basi tulivuta kamba ya chuma kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, tukapita chini yake na mtumbwi, tukawa tunasimama mahali baada ya mahali na kutumbukiza moulinet. Hicho ni chombo chenye pangaboi dogo linalozungushwa na maji. Pangaboi likizunguka mara kadhaa, kengele inalia. Mmoja anahesabu kengele kwa sauti, mwingine anaangalia saa na kuandika. Ni hayo tu. Ukiyafanya vibaya, utafanya vibaya maisha yako yote bila kujua, kwa sababu mto haukusahihishi.

Moulinet ni nyepesi, mto ungeibeba. Kwa hiyo chini yake tulining'iniza risasi nzito, ile metali, yenye umbo la samaki. Wazungu waliotengeneza vitu hivyo waliiita saumon, jina la samaki wa kwao, na sisi tukaiita vivyo hivyo. Siku yangu ya kwanza hakuna aliyeniambia hilo. Tuko katikati ya mto, nimeshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, na chef wetu, mkubwa wa kikundi, ananigeukia.

"Mwepu, leta saumon."

Nikafungua mfuko wa chakula. Nikatafuta chini ya bukari, yaani ugali, chini ya nyanya, nikapata kopo.

"Chef, saumon haiko. Iko paka sardine tu."

Chef akachukua lile kopo. Akalipima mkononi, akaligeuza, akatazama mto, akalitazama tena kopo bila hata kutabasamu.

"Hii itakuwa nyepesi kidogo," akasema.

Mpiga kasia alicheka hadi mtumbwi ukayumba. Tangu siku ile, kila nilipofungua kopo la samaki, hata nyumbani kwangu, nilimwona chef akilipima mkononi.

Huyo ndiye aliyenifundisha, Tata Kazadi, yaani Baba Kazadi. Mrefu, mwembamba, kofia ya majani kichwani hata siku ya mawingu. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi hapa wakati mji wetu wa Likasi ungali ukiitwa Jadotville, na yeye alizaliwa hapa hapa, mtaa wa Panda. Mimi ni Musanga, mtoto wa nchi hii, lakini Kisanga cha Tata Kazadi kilikuwa kizuri kuliko changu. Akija kwetu, mama yangu alikuwa akiniambia ninyamaze ili amsikilize.

Kufundisha kwake hakukuwa kwa maneno mengi. Asubuhi moja nilimsomea échelle kutoka ukingoni. Alivua viatu, akaingia majini, akatoa nyasi na kipande cha nyavu vilivyonasa kwenye nguzo. Maji yaliyokuwa yamejikusanya mbele ya ule ubao yakashuka mbele ya macho yangu.

"Sasa soma," akasema.

Siku za mvua, maji yanapopanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, alinifundisha kusubiri. Soma yanapopanda, soma yanaposhuka, chukua katikati. Usisome ukiwa na haraka ya kurudi nyumbani. Nikipima kwa miguu kwenye kijito, nisimame pembeni na nyuma ya chombo, kwa sababu miguu yangu nayo ni mawe, inapindisha maji. Na baada ya mafuriko makubwa nisiamini hesabu ya zamani. Mchanga umehama, mto wa jana si ule wa leo, anza upya.

Msidhani alikuwa mtu asiyekosea. Kuna mara aliteleza kwenye ukingo wa mtumbwi akatumbukia mzima mzima, kofia ikaenda na maji. Kitu pekee kilichobaki juu ya mto kilikuwa mkono wake ulioshika saa. Tulipomvuta, anatema maji, akauliza: "Ulihesabu ngapi?" Nilikuwa sijahesabu hata moja. Nilikuwa nikipiga kelele. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata hasara, tukaanza upya.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi kiasi kwamba hatukuhitaji kuitana. Mimi nahesabu, yeye anaandika. Nikipumua tu kwa namna fulani, alijua kengele inakaribia. Tuliporudi Likasi jioni tulikuwa na matope hadi magotini, na yeye aliimba njia nzima, nyimbo za kanisani, vibaya sana.

Halafu ukaja wakati ambao nikiusimulia, vijana wengi wananitazama kama ninazua. Walikuja wanasiasa wakasema watu wenye asili ya Kasai waondoke Katanga, warudi kwao. Kwao wapi? Tata Kazadi alikuwa hajawahi kulala hata usiku mmoja Kasai. Lakini maneno yaliingia mjini, na watu tuliokuwa tukisali nao kwenye benchi moja wakaanza kuhesabiana makabila. Nyumba ya Tata Kazadi ilirushiwa mawe. Alitoka na mke wake, Mama Misenga, na watoto, na vile walivyoweza kubeba kichwani. Wakaenda gare kungoja treni, pamoja na maelfu ya wengine.

Treni haikuja kesho yake, wala juma lile. Watu waliishi pale gare, juu ya reli, chini ya mashuka na plastiki. Kwangu tulikuwa tukipika, mke wangu anafunga bukari na mboga ya lengalenga kwenye kitambaa, mimi napeleka. Jirani yangu mmoja alinisimamisha barabarani.

"Mwepu, unapelekea nani bukari?"

"Chef yangu."

"Weye ni Musanga. Utapata matatizo."

"Njo yeye, chef yangu," nikasema tena, kwa sababu sikuwa na neno jingine. Akanipisha. Hadi leo sijui kama alinionea huruma au aliniona mjinga.

Mara ya kwanza nilipomkuta pale gare nilijiandaa kwa maneno ya kumfariji. Alikuwa amekaa juu ya sanduku, ndevu zimeota. Aliponiona alisimama.

"Mayi iko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia. Akafumba macho, akafikiri.

"Ile ni mvua ya huku juu. Itapanda tena. Uliangalia nyasi kwenye échelle?"

"Niliangalia, chef."

Mama Misenga alikuwa amempakata mtoto wao mdogo, Ntumba, ambaye alikuwa na homa. Aliinua kichwa akamtazama mume wake.

"Batoto bako na njaa," akasema. "Batu banatufukuza kama mbwa. Na weye unauliza mayi."

Tata Kazadi alipokea bukari, akagawia watoto, yeye mwenyewe hakula mbele yangu. Lakini kesho yake niliporudi aliuliza tena, kwa sauti ndogo, akimgeuzia mke wake mgongo. Na mimi nilikuwa nimekwenda mtoni alfajiri ili niwe na kitu cha kumjibu. Hiyo ndiyo zawadi niliyokuwa nayo. Bukari ilikuwa ya watoto.

Treni ilipofika, ilikuwa ya mabehewa ya mizigo. Watu walipanda hadi juu ya paa. Niliwasaidia kupitisha sanduku, halafu watoto mmoja mmoja, halafu Ntumba, ambaye mwili wake ulikuwa wa moto hata kupitia blanketi. Tata Kazadi alikuwa wa mwisho. Nilifikiri ataniambia jambo kubwa. Aliinama kutoka mlangoni, kwa sababu ya kelele ilibidi apaze sauti.

"Ile kamba ya chuma, upande wa kushoto, inaanza kukatika. Mubadilishe mbele ya mvua kubwa."

"Tutabadilisha, chef."

"Usiache."

Treni ikaondoka. Juma lile lile tulikwenda tukabadilisha kamba. Kweli, nyuzi zake zilikuwa zimekatika kwa ndani, mahali ambapo mtu asiyeijua asingeona. Nilikaa ukingoni nikiwa na kipande cha ile kamba ya zamani mapajani, wenzangu wakanipa nafasi, wakajifanya wanatengeneza mtumbwi.

Baada ya hapo nilifanya kazi na watu wengine, na walikuwa watu wema. Nilipandishwa nikawa chef mimi. Lakini nawaambieni ukweli: kwa miaka mingi, kila nilipomaliza kuhesabu, nilikuwa nikingoja sauti ya Tata Kazadi iseme "nimeandika." Mwenzangu mpya alisema, bila shaka, ila ni sauti nyingine. Nikigeuka, naona mtu mwingine chini ya kofia nyingine. Barua hazikuwa zinafika. Mtu aliyetoka Kasai akipita Likasi nilimuuliza, naye aliniuliza Kazadi yupi, maana wako wengi. Baadaye kampuni nayo ikaanza kuyumba, mtumbwi ukaoza mahali ulipofungwa, wenzangu wakastaafu, wengine wakafa. Na mimi nikarudi nyumbani kwa kuku wangu.

Ninyi vijana mna simu, na simu mnazitumia kwa mambo mengine mengi ambayo siyaelewi. Lakini binti yangu aliitumia kumtafuta Tata Kazadi. Aliandika jina, akapata kijana mmoja wa Mwene-Ditu, huko Kasai, akamuuliza kama baba yake alikuwa mpima mto huko Likasi. Kijana akajibu: "Baba alikuwa anasema paka ile tu."

Alikuwa. Nilielewa kabla binti yangu hajamaliza kusoma. Tata Kazadi alikuwa ameshakufa, kwa maradhi ya mapafu, mzee aliyezungukwa na wajukuu. Nilitoka nje nikawapa kuku chakula, ingawa walikuwa wamekwisha kula.

Siku chache baadaye Mama Misenga mwenyewe alipiga simu. Tulisalimiana muda mrefu, kama watu wanaoogopa kufika kwenye maneno yenyewe. Aliniambia Ntumba hakufika. Alikufa njiani, kabla ya Kamina, na wakamzika kando ya reli, mahali ambapo hawakuweza kupaona tena. Aliniambia Tata Kazadi alipata kazi ya kutengeneza baiskeli huko Mwene-Ditu, akalea watoto waliobaki, akasomesha wawili. Hakuwa mtu wa kulalamika.

"Lakini mvua ikinyesha," akasema, "anasimama kwenye mlango. Anasimama paka vile. Mimi namuambia, baba ya batoto, kuya ukae, unaangalia nini? Hajibu."

"Minye najua alikuwa anaangalia nini, mama."

"Weye unajua," akasema. "Ndugu Mwepu, nitakuuliza kitu. Usinifiche, yeye ameshaenda. Kule Lufira alikuwa na mwanamke?"

Nilishikwa na kikohozi.

"Kila mara alikuwa anarudi kwa kuchelewa," akaendelea, "na matope, na anaimba. Mwanaume gani anatoka kazi na kuimba? Nilijua tu kuko mwanamke. Miaka yote ile nilikaa na ile kitu mu roho."

"Mama, kuya," nikamwambia. "Kuya uone mwenyewe."

Akaja. Alikuwa na sababu nyingine pia, kaburi la mama yake lipo hapa Likasi, alitaka kulifagia. Lakini kesho yake baada ya kufika, alikuwa amevaa tayari, kikwembe kipya na viatu vya kanisani, ananingoja mlangoni. Tulipanda taxi-bus, yeye akakaa dirishani. Alikuwa akinionyesha mahali: hapa palikuwa na duka la shangazi, hapa ndipo tulipobatizwa. Tulipopita gare aligeuza uso upande wa pili.

Sikuchagua siku ile kwa bahati. Kuna dada mmoja, ingénieur Nadège, ambaye sasa ndiye anayepima Lufira na kikundi chake. Nilikuwa nimemuuliza siku gani watakuwa darajani. Msinielewe vibaya, vijana. Wazee wengine watawaambia kwamba kazi ya zamani ilikuwa bora. Si kweli. Sisi tulitumia siku nzima, tukalowa, na mara nyingine tuliponea chupuchupu. Nadège ana kitu kama mtumbwi wa kuchezea, wa plastiki, wa rangi ya njano. Chini yake kuna chombo kinachotuma sauti ndani ya maji na kusikiliza inavyorudi. Wanakivuta kwa kamba kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na kina na mwendo wa mto mzima vinatokea kwenye kompyuta. Nilipokiona mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, na papo hapo nikapata uchungu, kwa sababu mtu niliyetaka kumwonyesha hakuwepo.

Tulishuka kabla ya daraja. Mmoja wa vijana wa Nadège alikuwa na bendera ya kupunguza mwendo wa malori. Mama Misenga alisogea hadi kwenye chuma cha pembeni, akashika kwa mikono miwili, akatazama. Mto ulikuwa umejaa, wa rangi ya udongo, unabeba majani.

"Njo hapa alikuwa anafanya kazi?" akauliza.

"Njo hapa, mama. Kamba ilikuwa pale, kwenye ule muti. Mutumbwi ulikuwa unapita hivi."

"Na mwanamke?"

"Haikuwaka mwanamke. Tulikuwa paka sisi na mayi. Kulikuwa mama mumoja aliuzishaka samaki pale ukingoni, lakini hata wakati ule alikuwa amezeeka."

Alinitazama muda mrefu, kuona kama ninamficha kitu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua.

"Nilimuchukia sana ule mwanamke," akasema.

Nadège alikuwa amesikia baadhi ya maneno. Nilimweleza huyu mama ni nani. Msichana yule aliivua kamba ya mtumbwi mdogo kutoka mkononi mwake.

"Mama, unataka kuvuta?"

"Minye? Nitaharibu."

"Hutaharibu. Unatembea tu, polepole, ukifuata chuma cha daraja. Mutumbwi usikimbie kupita mayi."

Mama Misenga akakaza kikwembe kiunoni. Akashika kamba. Nadège akatembea kando yake akiangalia kompyuta, mimi nyuma yao. Tulikwenda hivyo, hatua ndogo ndogo, mtumbwi wa njano ukituandama kule chini, na malori yakipita taratibu nyuma yetu. Kila alipotaka kuharakisha, Nadège alimwambia, "Bado, mama, polepole," naye akapunguza. Katikati ya mto, mahali maji yana nguvu, kamba ilivuta mikono yake. Aliikaza na kuendelea.

Tulipofika ng'ambo, Nadège alimwonyesha picha kwenye kioo: mto mzima umekatwa kama mkate, rangi za buluu kando, nyekundu katikati.

"Ile nyekundu, njo mayi inayokimbia sana," akamweleza.

"Tumemaliza?"

"Hapana, mama. Tunarudi tena. Tunavuka mara mingi, mpaka hesabu zikubaliane."

Mama Misenga akanigeukia.

"Na yeye alikuwa anarudia?"

"Kupita sisi wote," nikasema. "Sisi tunachoka, tunataka kurudi nyumbani. Yeye anasema, bado mara moja. Tukimaliza, anasema tena, bado mara moja."

Aliutazama mto.

"Kumbe njo maana alikuwa anachelewa," akasema.

Nadège akanyoosha mkono kupokea kamba, akidhani mama amechoka. Mama Misenga hakumpa. Alivua viatu vyake vya kanisani, akaviweka kando ya chuma, akageuka, akaanza kuvuka tena, peku, polepole, kama alivyofundishwa. Nilitaka kumfuata. Kisha nikabaki pale nilipokuwa, nikamwacha aende.